Uzuri wa Mkakasi: Kazi ya Kupamba Vyombo vya Kioo kwa Rangi

Tazama glasi ya kunywea maji. Ni chombo cha kawaida. Nyumba nyingi zinazo mbili au tatu. Sasa chukua brashi ndogo na rangi ya mafuta. Chora ua jekundu ubavuni mwa glasi ile. Ongeza majani mawili ya kijani. Glasi ni ile ile, lakini imebadilika. Mgeni akiletewa maji ndani yake ataishika, ataizungusha, kisha atauliza, "Hii mmenunua wapi?"

Kazi hiyo ndiyo nitakayoieleza leo. Ni kazi ya mikono. Haitaki mashine wala umeme. Yaweza kufanywa kivulini baada ya mavuno, wakati kazi za shamba zimepungua. Mtu anayejua kusuka ukili kwa mistari ya rangi, au kupamba kibuyu, tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa.

Lakini kazi hii ina hatari zake. Hatari moja niliiona kwa macho yangu mwaka 2017. Mimi mwenyewe nilikuwa na sehemu katika kosa lile. Kwa hiyo nitaanza na habari hiyo. Baadaye nitaeleza kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

CHUPA KUMI NA NNE

Mwaka ule nilikuwa bwana shamba katika kijiji kimoja cha wakulima wa pamba, kusini mwa Ziwa Victoria. Akina mama kumi na mmoja walikuwa na kikundi chao. Walianza kwa kuweka na kukopa. Kisha binti wa mmoja wao akarudi kutoka mjini. Huko alikuwa amejifunza kupamba vyombo vya kioo. Akawafundisha wenzake. Wakachanga fedha, wakanunua rangi makopo manne na brashi tatu.

Siku moja wakaniita nikaone kazi yao. Nilifika na pikipiki yangu saa kumi jioni. Mama Mwenyekiti, mtu mzima mwenye wajukuu, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone kazi ya mama zako."

Walikuwa wametandika mkeka. Juu yake palikuwa na glasi sita na chupa kumi na nne za kahawia. Nasema kweli, zilipendeza. Kila chupa ilikuwa na korongo mweupe amesimama katika majani. Walikuwa wamepata oda ya harusi. Chupa zile zilitakiwa kuwekwa mezani, ndani yake maji ya ukwaju.

Nikachukua chupa moja. Nikaipima mkononi. Nikatazama shingo yake. Nikaigeuza nikatazama kitako. Umbo lile nililijua. Nilikuwa nimebeba chupa za namna ile kwa miaka mingi.

"Mama, chupa hizi mmezipata wapi?"

"Nyingine shambani, nyingine josho. Watoto wametukusanyia."

"Lakini hizi zilikuwa na dawa za wadudu."

"Tunajua," akasema. "Ndiyo maana tumeziosha mara tatu. Si wewe uliyetufundisha? Ulisema, chupa ya dawa ioshwe mara tatu."

Nikanyamaza. Maneno yale yalikuwa yangu.

KOSA LANGU

Miezi michache nyuma nilikuwa nimefundisha juu ya dawa za pamba. Nilisema hivi: dawa ikiisha katika chupa, tia maji safi, funga, tikisa vizuri, kisha mimina maji hayo ndani ya pampu ya kunyunyizia. Fanya hivyo mara tatu. Hivyo dawa haipotei bure, tena masalio yake hayamwagwi ovyo. Hiyo ilikuwa nusu ya kwanza ya somo.

Nusu ya pili ni hii: baada ya kusuuzwa mara tatu, chombo cha dawa hakitumiki tena kwa kitu kingine chochote. Kikiwa cha plastiki kitobolewe. Kikiwa cha kioo kifungiwe mahali salama mpaka kikusanywe. Kisitiwe maji, wala mafuta, wala maziwa, wala chumvi. Maneno haya niliyasema mwishoni kabisa. Mvua ilikuwa inakuja na watu walikuwa wameanza kusimama. Walisikia "osheni mara tatu". Wakaelewa kwamba chupa ikioshwa mara tatu imekuwa safi.

Mtu akifundishwa nusu ya jambo, hiyo nusu nyingine atajijazia mwenyewe. Si kosa lake. Ni kosa la mwalimu.

Basi jioni ile niliwaeleza yote. Hakuna aliyesema neno. Mwishowe yule binti akauliza kwa sauti ndogo, "Na ile tuliyomwuzia jirani?"

Kumbe chupa zilikuwa kumi na tano. Moja ilikwisha kuuzwa.

Nilimpakia Mama Mwenyekiti kwenye pikipiki, tukaenda. Nyumba haikuwa mbali. Tuliikuta chupa jikoni, juu ya rafu, imetiwa mafuta ya kupikia. Mafuta yalikuwa yamefika nusu. Watoto wadogo watatu walikuwa wakicheza uani. Mama Mwenyekiti alimweleza mwenye nyumba habari yote bila kuficha. Akamrudishia fedha ya chupa, akamlipa na bei ya mafuta. Namshukuru Mungu, hakuna aliyeugua.

Tuliporudi, alizitazama zile chupa kumi na nne kwenye mkeka. Kazi ya majuma mawili. Rangi ilikuwa imekwisha, na fedha ya oda ilibidi irudishwe. Akasema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na huu wetu ndani una sumu."

Methali hii wengi wetu tunaijua. Mkakasi ni chombo kidogo cha mti kilichopambwa vizuri kwa nje. Ukikitazama kinapendeza. Lakini ndani ni mti tu. Methali inatuonya tusidanganywe na sura ya nje.

KWA NINI KUOSHA HAKUTOSHI

Msomaji mwingine atasema, "Kioo hakinywi dawa. Kikioshwa kwa sabuni na maji ya moto kina ubaya gani?" Swali hilo ni zuri. Nitalijibu kwa mambo matatu.

Kwanza, dawa hujificha. Hukaa katika mikunjo ya shingo ya chupa, katika kifuniko, na katika mpira ulio ndani ya kifuniko. Dawa nyingi za wadudu zimetengenezwa kwa mafuta, hivyo maji peke yake hayaziondoi zote. Nazo dawa nyingine hudhuru hata zikiwa kidogo sana, hasa kwa mtoto.

Pili, macho ya mtoto hujifunza. Leo anaona chupa ya kahawia mezani, ina korongo, ndani mna maji matamu ya ukwaju. Anakunywa. Kesho ataona chupa ya umbo lile lile stoo, nayo haijaoshwa. Je, ataiogopa?

Tatu, na hili ndilo kubwa: rangi inaficha habari. Chupa ya dawa huja na karatasi yenye maandishi. Ina jina la dawa. Ina alama ya fuvu la kichwa na mifupa. Ukibandua karatasi hiyo na kuchora ua mahali pake, umeondoa onyo na kuweka pambo. Atakayeipokea chupa hiyo hawezi kujua ilikuwa na nini. Hata awe msomaji hodari, hana cha kusoma.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni moja: kabla ya kupamba chombo, jua kilikuwa cha nini. Kama hujui, kiache.

VYOMBO VINAVYOFAA

Chagua vyombo hivi: glasi mpya za dukani, majagi ya kioo, sahani za kioo, chupa za jemu na chupa za asali. Chupa za mdomo mpana zafaa kuwekea sukari, chumvi, karanga au majani ya chai. Wafugaji wa nyuki nao waweza kuuza asali yao katika chupa iliyopambwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Usipambe vyombo hivi: chupa za dawa za mimea, dawa za mifugo, asidi ya betri, mafuta ya taa, au dawa yoyote ya hospitali. Usipambe chupa ya soda au bia ambayo hurudishwa kiwandani. Hiyo si mali yako. Tena usipambe kioo cha taa ya chemli. Joto la moto litaiunguza rangi na kutoa moshi mbaya.

RANGI YA KUTUMIA

Rangi inayotumika ni ile tunayoiita rangi ya mafuta. Ndiyo inayopakwa kwenye milango, madirisha na baiskeli. Inang'aa na haiondoki kwa maji. Ziko pia rangi zilizotengenezwa hasa kwa kupamba vyombo vya kioo. Hizi huuzwa katika chupa ndogo, katika maduka ya vifaa vya uchoraji mjini. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini hushika vizuri zaidi.

Rangi ya mafuta si ngeni katika sanaa ya nchi yetu. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora picha za wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta ya dukani. Alichora juu ya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea. Leo picha za namna ile huitwa Tingatinga, jina lake, na zinajulikana nchi nyingi. Hakuanza na vifaa vya gharama. Alianza na kopo la rangi ambalo fundi yeyote angeweza kulinunua.

Lakini kioo si ubao. Ubao hunywa rangi. Kioo hakinywi. Rangi hukaa juu tu, kama tope juu ya jiwe. Usipoandaa kioo vizuri, rangi itabanduka.

Mafundi wa zamani walilijua tatizo hili. Miaka 700 na zaidi iliyopita, mafundi wa Shamu na Misri walipamba taa za misikiti kwa rangi za ajabu. Rangi zao zilikuwa unga wa kioo uliochanganywa na madini. Walipaka, kisha wakachoma chombo katika tanuri yenye joto la nyuzi zaidi ya 500. Unga ukayeyuka, ukashikana na kioo, vikawa kitu kimoja. Taa hizo ziko mpaka leo katika majumba ya makumbusho, na rangi zake bado zinang'aa. Sisi hatuna tanuri ile. Rangi yetu haishikani na kioo kiasi hicho. Kwa hiyo hatuna budi kuipaka kwa uangalifu na kuitunza.

SUMU ILIYO KATIKA RANGI

Hapa tena yafaa kuwa macho. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi. Hutiwa ili rangi ing'ae na ikauke upesi. Mara nyingi huwa nyingi katika rangi ya manjano na nyekundu. Risasi ni sumu. Huharibu ubongo wa mtoto, hata kama hakuonyesha dalili za ugonjwa. Humdhuru pia mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa limezishauri nchi zote ziweke kikomo. Katika kilo moja ya rangi iliyokauka, risasi isizidi miligramu 90. Hicho ni kiasi kidogo sana.

Basi ukienda dukani fanya hivi. Nunua kopo lililofungwa kiwandani. Soma maandishi yake. Tafuta maneno yanayosema kwamba rangi haina risasi. Usinunue rangi iliyomiminwa katika chupa ya maji isiyo na maandishi, hata ikiwa rahisi. Unaona, ndugu msomaji? Ni somo lile lile. Chombo kisicho na maandishi hakisemi kilichomo.

Hata rangi isiyo na risasi haifai kuliwa wala kunywewa. Kwa hiyo shika mipaka hii:

1. Paka rangi upande wa nje tu. Ndani ya chombo usipake hata tone.

2. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya ukingo wa glasi, mahali midomo inapogusa. Hapo pasiwe na rangi.

3. Sahani ipambwe upande wa chini. Pambo litaonekana kupitia kioo, lakini chakula hakitagusa rangi.

4. Kikombe cha mtoto mdogo kisipambwe kabisa. Mtoto hutia kila kitu kinywani.

KAZI YENYEWE

Vifaa vyako ni hivi: chombo cha kioo, rangi mbili au tatu, brashi ndogo mbili, tapentaini kidogo, spiriti kidogo, pamba, matambara safi, karatasi, penseli na selotepu.

Hatua ya kwanza: osha. Osha chombo kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Suuza. Kausha kwa kitambaa safi. Kisha lowesha pamba kwa spiriti, ufute sehemu yote utakayopaka. Mafuta ya vidole vyetu ndiyo adui wa kwanza wa kazi hii. Ukisha kufuta, usiguse tena sehemu hiyo. Shika chombo kwa mdomo wake, au tia mkono ndani.

Hatua ya pili: chora mfano. Chora pambo lako kwanza kwenye karatasi. Karatasi itie ndani ya glasi, uibandike kwa selotepu, mchoro ukitazama nje. Kwa kuwa kioo hupitisha mwanga, utaliona pambo na kulifuata kwa brashi. Mtu asiyejua kuchora pia ataweza. Mapambo yako karibu nasi. Tazama pindo la kanga, mistari ya mkeka, nukta za kibuyu, jani la mhogo, ua la pamba. Usianze na tembo. Anza na nukta na mistari.

Hatua ya tatu: paka. Koroga rangi kwa kijiti mpaka chini ya kopo. Chovya ncha ya brashi tu. Vuta mkono mara moja, polepole, kwa upande mmoja. Usirudie mahali ambapo rangi bado mbichi, maana utaikwangua. Kwa nukta, tumia kichwa cha kijiti cha kiberiti kisicho na baruti. Rangi iwe nyembamba. Rangi nzito huchuruzika na hukauka vibaya. Ikibidi kupaka mara ya pili, ngoja ya kwanza ikauke, kwa kawaida siku moja nzima. Ukikosea, futa upesi kwa pamba iliyoloweshwa tapentaini.

Hatua ya nne: kausha. Weka vyombo mahali pasipo na vumbi, mbali na kuku na watoto. Rangi ya mafuta ya kawaida yaweza kuguswa baada ya siku moja. Lakini kukauka kuguswa si kukomaa. Iache juma zima au zaidi kabla ya kuosha au kuuza chombo. Haraka ndiyo inayoharibu kazi ya wengi. Rangi ya mafuta ya kawaida usiitie motoni wala katika tanuri ya mikate. Itatoa moshi mbaya.

Zile rangi zilizotengenezwa hasa kwa kioo zina maelekezo yake. Baadhi hutaka kuachwa siku 21. Nyingine hutaka joto la nyuzi 180 kwa nusu saa. Katika njia hii ya joto, chombo hutiwa katika oveni ikiwa bado ya baridi. Kisha joto hupandishwa taratibu. Baadaye chombo huachwa humo humo mpaka kipoe. Glasi ya baridi ikiingizwa katika joto kali itapasuka. Fuata maandishi ya chupa yako, si habari za jirani.

Hatua ya tano: safisha vifaa. Rangi ya mafuta huondolewa kwenye brashi kwa tapentaini. Kisha brashi ioshwe kwa sabuni. Usitumie petroli. Cheche moja yatosha kuunguza nyumba. Fanya kazi hii nje au penye dirisha wazi, mbali na jiko na sigara, kwa kuwa hewa ya rangi huumiza kichwa. Usile ukiwa kazini. Matambara yaliyolowa rangi yaanike nje yakauke. Usiyarundike pembeni, kwani rundo la namna hiyo laweza kupata joto likawaka lenyewe. Mama mjamzito aifanye kazi nyingine ya kikundi, kama kutunza hesabu au kuuza.

MWELEZE MNUNUZI

Sisi wa vijijini tumezoea kusugua vyombo kwa mchanga au majivu. Chombo kilichopambwa kikisuguliwa hivyo, ua litaondoka siku ya kwanza. Mnunuzi ataona ameibiwa. Kwa hiyo andika kikaratasi kidogo, ukiweke ndani ya chombo. Andika hivi: "Osha kwa mkono, kwa sabuni na kitambaa laini. Usisugue kwa mchanga. Usiloweke usiku kucha. Usiweke motoni."

Hii ni kazi nzuri ya kutumia kisomo chako. Jana ulijifunza kuandika. Leo maandishi yako yanalinda jina lako.

PIGA HESABU KWANZA

Wengi hupata hasara si kwa sababu kazi yao ni mbaya, bali kwa sababu hawakuandika. Tufanye mfano. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za sokoni kwenu.

Glasi 6: shilingi 9,000
Rangi iliyotumika: shilingi 3,000
Tapentaini, spiriti na selotepu: shilingi 1,000
Nauli: shilingi 2,000
Jumla: shilingi 15,000

Gawanya 15,000 kwa 6. Kila glasi imegharimu shilingi 2,500. Ukiiuza kwa shilingi 2,500, umefanya kazi bure. Ukiiuza kwa shilingi 4,000, glasi sita zitaleta 24,000. Toa 15,000. Zinabaki 9,000. Hizo ndizo malipo ya mikono yako. Na glasi moja ikivunjika njiani, zinabaki 5,000. Kwa hiyo zifunge vizuri kwa nyasi kavu au magazeti.

Usinunue glasi mia moja kwa kuanzia. Nunua sita. Uza. Sikiliza wanunuzi wanasema nini. Kisha ongeza. Wala usiache shamba. Kazi hii ni ya kusaidia shamba, si ya kuchukua mahali pake.

MWISHO WA HABARI YA KIKUNDI

Wasomaji watataka kujua akina mama wale walifika wapi.

Chupa kumi na tano nilizichukua. Nilizifungia katika stoo ya dawa, pamoja na vyombo vingine vilivyokuwa vikisubiri kukusanywa. Kabla ya kuondoka, Mama Mwenyekiti alitoa msumari. Akakwangua korongo mmoja baada ya mwingine, mpaka akawamaliza wote. Nilimwambia si lazima. Akanijibu, "Mwanangu, mtu akiziona huko na pambo lake, atazitamani."

Alikuwa amelielewa somo kuliko mimi niliyelifundisha.

Kwa mwezi mmoja hawakufanya kitu. Hawakuwa na fedha ya rangi. Baadaye walianza tena kwa glasi sita za dukani. Yule jirani aliyerudishiwa fedha yake alikuwa wa kwanza kununua. Alisema, "Watu walionirudishia fedha kabla sijadai, kazi yao naiamini." Tangu hapo kikundi kilikuwa na daftari. Kila chupa kuukuu iliyoletwa iliandikwa: imetoka kwa nani, na ilikuwa na nini. Isiyojulikana ilirudishwa. Daftari liliandikwa na mama mmoja aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima.

Na mimi nilibadilisha ufundishaji wangu. Sasa nikifundisha juu ya dawa, nusu ya pili ya somo naitanguliza. Naanza hivi: "Chombo cha dawa si chombo cha nyumba." Kisha namwomba mkulima mmoja arudie kwa maneno yake. Akikosea, najua ni mimi sijaeleza vizuri.

Ndugu msomaji, kabla hujanunua rangi, tembea nyumbani mwako leo. Tazama kila chupa iliyo jikoni. Jiulize ilikuwa na nini kabla haijafika hapo. Ukipata moja usiyoijua, iondoe. Ndipo uchukue brashi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini chupa ya dawa isitumiwe nyumbani hata ikioshwa mara tatu?

2. Kwa nini tunaacha nafasi ya vidole viwili chini ya ukingo wa glasi?

3. Kikundi kimetumia shilingi 20,000 kupamba chupa 8 za jemu. Kila chupa imegharimu kiasi gani? Wakiuza kila moja kwa shilingi 3,500, watabaki na kiasi gani?

4. Katika kijiji chenu vyombo vya dawa vilivyokwisha hutupwa wapi? Ni nani wa kusimamia jambo hilo?